JOGINDER SINGH: Fundi wa gereji aliyebeba Safari kwa gari la mtumba

WAKATI Arusha ikihesabu siku kuelekea fainali za AFCON 2027, mashabiki wengi wa soka wanaamini hii ndiyo mara ya kwanza kwa Kenya, Uganda na Tanzania kushirikiana kuandaa mashindano ya kutazamwa na dunia. Ukweli ni kwamba miaka zaidi ya 70 iliyopita nchi hizi hizi tatu zilikuwa na mchezo wao mmoja, uliovuka mipaka yote mitatu na kuwaleta watu barabarani kama vile ni siku ya dabi.

Mchezo huo haukuwa na mpira. Ulikuwa na magari, matope, vumbi na usingizi wa mang'amung'amu. Ulianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na mwaka 1960 ukaitwa East African Safari Rally. Magari yalitoka Nairobi, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha yakarudi. Arusha ilikuwa njiani. Kwa kizazi cha wazee wa mji huu, Pasaka ilikuwa ni ibada asubuhi na mbio za magari mchana.

Katika mchezo huo ndimo lilimozaliwa jina ambalo leo vijana wengi hawalijui, ingawa kwa Mnyama au kwa Mwananchi lingetosha kuimbiwa uwanja mzima. Ni jina la Joginder Singh. Singh, kwa lugha ya Wapunjabi, maana yake ni simba. Wazungu walimwita Kalasinga anayepaa. Lakini siri yake haikuwa kupaa. Siri yake ilikuwa kazi aliyoifanya gari likiwa limesimama, kofia ya injini iko wazi, mikono imejaa oili.

Mtoto wa gereji Kericho

Joginder alizaliwa mwaka 1932 Kericho, nchini Kenya, kwenye vilima vya mashamba ya chai. Baba yake, Battan Singh, alikuwa amehamia Afrika Mashariki kutoka Punjab na alikuwa na gereji. Kwa hiyo mtoto huyu hakukutana na gari ukubwani kama wengi wa zama zile. Alikua kati ya spana, vyuma na harufu ya petroli.

Akajifunza ufundi kwa baba yake, kisha akaenda kufanya kazi Nairobi. Miaka ya 1950 alipata ajira kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, Royal East African Automobile Association, akiwa fundi wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mwanachama wa chama akiharibikiwa na gari barabarani, Joginder ndiye anakwenda kumnasua.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kazi ngumu ya kuchafuka. Kwa fundi mwenye akili ni chuo kikuu. Kila siku alikuwa anaona magari yanakufaje. Lipi limechemsha kwa sababu bomba la maji lilichakaa, lipi limenoki kwa sababu oili haikupanda, lipi limekula vumbi mpaka likaanza kutoa moshi wa bluu. Daktari anayeona wagonjwa wengi anajua ugonjwa kabla ya kipimo. Joginder alikuwa daktari wa namna hiyo.

Ilikuwa pia zama ambazo mchezo wa magari ulionekana ni wa walowezi na wenye fedha. Fundi wa Kiasia alitarajiwa kuwa chini ya gari, si nyuma ya usukani. Mtu akikaa upande huo wa uvungu kwa muda mrefu, ama anakata tamaa, ama anajifunza kila kitu ambacho mwenye gari hakijui. Joginder alichagua la pili.

Alianza mashindano mwaka 1958 akiwa na miaka 26, umri ambao mchezaji wa soka anakuwa tayari ana misimu kadhaa ligi kuu. Mwaka uliofuata, 1959, akaingia Safari yake ya kwanza, akiwa na Volkswagen. Hakushinda. Lakini alianza safari ya miaka 22 mfululizo katika mashindano hayo hayo.

Volvo ya mtumba

Kufika Pasaka ya mwaka 1965, Safari ilikuwa imeshapata sifa ya kuwa kaburi la magari. Miaka miwili nyuma, mwaka 1963, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vinaleta madereva mahiri, na mahiri hao walikuwa wanarudi kwao na magari yaliyovunjika. Barabara nyingi zilikuwa za udongo. Mvua za masika zikishuka, udongo mweusi unageuka kuwa gundi. Jua likiwaka, unageuka kuwa unga.

Joginder hakuwa na gari jipya wala timu ya kiwanda nyuma yake. Alichokuwa nacho ni Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikwishaitumia. Kwa lugha ya mtaani, ni mtumba. Msaidizi wake pembeni alikuwa mdogo wake, Jaswant Singh. Gari waliliandaa wenyewe.

Bahati nasibu ya kupanga nani atangulie ikampa namba moja. Kutangulia kuna uzuri wake, kwani humezi vumbi la mtu. Kuna ubaya wake pia, maana kwenye matope hakuna aliyekupitishia njia. Ndugu hao wawili waliondoka wa kwanza, na baada ya takriban kilomita 5,000 walirudi wa kwanza, wakiwa wamemwacha aliyefuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kwa shabiki wa soka, hiyo si bao moja la dakika za majeruhi. Hiyo ni tano bila.

Joginder akawa dereva wa kwanza mwenye asili ya Asia kushinda Safari. Maswali yakawa mengi. Gari lililochakaa limewezaje kuwashinda walioletewa magari kutoka kiwandani? Jibu linaanzia mahali ambapo mashabiki wachache hupatazama: kwenye bloku.

Beki wa kati wa injini

Volvo ile ilikuwa na injini inayoitwa B18, silinda nne, yenye ukubwa wa takriban cc 1,780. Bloku lake ni la chuma cha kalibu, zito na nene. Injini ya Volvo iliyoitangulia, B16, kranki yake ilishikwa na beringi kuu tatu. B18 ikapewa tano. Yaani kila baada ya silinda moja kuna mkono unaoishika kranki isipinde. Waingereza na Waswidi walijua kwamba kitu hicho ndicho kinachoamua injini itaishi au itakufa ikipigwa kwa siku nne mfululizo.

Mashabiki wanaimba jina la straika. Kwenye gari, straika ni kabureta kubwa, turbo, kemu kali na bomba la moshi linalopiga kelele. Bloku ni beki wa kati. Hakuna anayemwimbia mpaka siku atakapokosekana. Timu inaweza kusajili mastraika watano, lakini kama beki ana goti bovu, mabao yatakayofungwa mbele yataliwa yote nyuma.

Hapo ndipo maisha ya Joginder yanapogusana na kijana wa Arusha wa leo. Gereji za mji huu, kuanzia Unga Limited hadi Sakina, zina vijana wanaotamani kujenga gari lao la kwanza la kukimbia. Wengi wanaanza na kitu kidogo na cha bei ya kawaida, mathalani Toyota Corolla ya zamani yenye injini ya 4A, cc 1,587. Kosa linalojirudia ni kuanza na straika. Kijana ananunua vitu vya nje, anafunga, gari linalia vizuri kwa wiki mbili, kisha linanoki. Fedha za mwaka mzima zinaishia kwenye gunia la vyuma chakavu.

Kuoga kwanza, mbio baadaye

Njia ya mafundi wa daraja la Joginder inaanza kinyume. Injini inafunguliwa yote mpaka bloku linabaki tupu juu ya meza. Vifuniko vya beringi kuu vinapigwa alama, namba yake na upande uliotazama, kwa sababu kila kimoja kilichongwa kikiwa mahali pake. Ukivichanganya, kranki haitazunguka sawasawa hata ukifunga kwa ufundi gani.

Kisha vinatolewa vizibo vyote, vya njia za maji na vile vidogo vya njia za oili. Hatua hii wengi wanairuka kwa uvivu. Nyuma ya vizibo hivyo ndiko uchafu wa miaka 20 umelala. Ukiosha bloku bila kuvitoa, ni sawa na kupiga deki sebuleni na kuacha takataka chini ya kochi. Siku injini mpya itakapowashwa, oili itauzoa uchafu ule na kuupeleka moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Baada ya kuosha, bloku linakaguliwa nyufa. Sehemu za kutazama sana ni katikati ya silinda na silinda, kuzunguka matundu ya bolti za hedi, na kwenye kuta za maji. Injini iliyowahi kuchemsha ni mtuhumiwa namba moja. Jicho peke yake halitoshi. Karakana za mashine zinaweza kulijaza bloku hewa au maji kwa presha, au kutumia sumaku na unga wa chuma unaojipanga juu ya ufa. Bloku lenye ufa linarudishwa lilikotoka, kabla hata shilingi moja haijatumika juu yake. Mchezaji aliyefeli vipimo vya afya hasainishwi mkataba.

Kipimo kabla ya kuchonga

Kinachofuata ni kupima, na hapa ndipo fundi anapotengana na mbahatishaji. Silinda inapimwa sehemu tatu: juu, katikati na chini. Kila sehemu inapimwa mara mbili, kwa urefu wa bloku na kwa kukatisha. Silinda iliyotumika huwa imeliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, maana ndipo joto na presha ni kali na oili ni haba. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inaeleza kama silinda imekuwa yai au imekuwa bakuli.

Uso wa juu wa bloku, pale hedi inapokalia, unawekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupenyezwa vipimo vyembamba chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za namna hii, kupinda kwa milimita 0.05 ni mwisho wa kuvumilia. Hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Zaidi ya hapo gasketi ya hedi itaungua, na safari itaishia mlimani, maji yanachemka, abiria wanatafuta kivuli.

Kama silinda zimeliwa, zinachongwa. Na hapa kuna somo ambalo vijana wengi wanalikosa. Wanadhani kuchonga silinda ndiko kuongeza nguvu. Hesabu inakataa. Silinda ya 4A ina upana wa milimita 81. Ukiichonga iwe 81.5, injini nzima inatoka cc 1,587 na kufika takriban 1,607. Umeongeza cc 20 tu, asilimia moja na kidogo. Hakuna dereva atakayezihisi kwenye usukani.

Faida ya kuchonga ni kuipata silinda iliyo duara kamili na iliyonyooka, ili ringi zikamate na presha isivuje kwenda chini. Kwa hiyo anayeanza anachonga kidogo kadiri inavyowezekana. Akikimbilia saizi ya mwisho kwa tamaa, kuta zinakuwa nyembamba, joto linapanda, na siku injini ikila silinda tena hakuna pa kuchonga. Tena pistoni zinanunuliwa kwanza, zinapimwa, ndipo silinda inachongwa kuzifuata. Shati linashonwa kwa kumpima mvaaji.

Silinda ikishachongwa inasuguliwa kwa mawe maalumu mpaka kuta zake zipate mistari midogo inayopishana kama msalaba uliolala. Mistari hiyo si urembo. Ndimo oili inamojificha ili ringi zisikwaruze chuma kikavu. Lakini kazi hiyo inaacha unga wa jiwe usioonekana. Petroli au dizeli haiutoi. Unatolewa na maji ya moto, sabuni na brashi, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya silinda kitoke cheupe. Baada ya hapo bloku linakaushwa haraka na kupakwa oili, maana chuma kitupu kinashika kutu kabla hujamaliza chai.

Mambo madogo ndiyo yanafunga hesabu. Nyuzi za matundu ya bolti zinasafishwa, kwa sababu uchafu ndani yake unadanganya spana ya kipimo. Ncha kali zinapigwa msasa, kwani nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Kila ringi inaingizwa kwenye silinda yake na mwanya wake unapimwa, kwa kuwa ringi ikipata moto inarefuka, na mwanya ukiwa mdogo ncha zinagongana na kuvunja pistoni. Beringi kuu zinafungwa kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kranki ikishalala, inatakiwa izunguke kwa mkono bila kukwama popote.

Hakuna hata hatua moja hapo inayopiga kelele. Hakuna ya kupiga picha na kurusha mtandaoni. Ni kama mazoezi ya kabla ya msimu, yale ya kukimbia mlimani alfajiri bila mpira. Lakini bingwa wa mwezi Mei anaanzia hapo.

Hewa ya Meru na vumbi lake

Mazingira ya Arusha yenyewe yanaongeza mtihani. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na inazidi kupoteza kadiri inavyopanda. Timu za pwani zikija kucheza Arusha huwa zinalalamikia pumzi. Injini nazo zina pumzi.

Kwa sababu hiyo, presha inayovuja kwenye silinda mbovu ni hasara mara mbili. Hewa yenyewe ni kidogo, halafu kidogo hicho kinatorokea chini ya pistoni. Kijana anayeuliza apate wapi nguvu ya ziada, nguvu ya kwanza ni ile aliyonayo tayari na anaimwaga.

Halafu kuna vumbi. Meru ni volkano, na udongo unaouzunguka, kuanzia Ngaramtoni na Oldonyo Sambu hadi Ngare Nanyuki, umechanganyika na majivu yake ya kale. Kiangazi unapaa kama unga. Ukipita kwenye chujio bovu la hewa, unaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Bloku lililoandaliwa kwa miezi miwili linaweza kuuawa kwa safari moja ya Jumapili. Joginder na wenzake waliopita huku kwenye Safari za miaka ile walijua kwamba chujio la hewa ni mlinda mlango.

Tanzania nayo ilikuwa na bingwa wake katika zama hizo. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Mwaka huo wa 1967 ndio uliozaa Azimio la Arusha na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapa hapa. Peugeot ile nayo haikuwa gari la kasi ya kutisha. Ilikuwa imara. Safari ilikuwa inawarudia watu walewale: waliojua gari lao kutoka ndani.

Lancer yaidhalilisha Porsche

Baada ya 1965, Joginder hakushinda tena kwa miaka tisa. Wengine wangestaafu. Yeye aliendelea kumaliza. Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili kwenye Datsun 1600 SSS, nyuma ya Edgar Herrmann. Mwaka 1972, Hannu Mikkola kutoka Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, na watu wakaanza kusema zama za mafundi wa nyumbani zimekwisha. Sasa ni zama za fedha na magari makubwa.

Mwaka 1974 Joginder akaja na gari dogo kutoka Japani ambalo wengi hawakulitilia maanani, Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Injini yake ilikuwa cc 1,597. Tofauti na 4A ya Corolla inayopita leo barabara ya Sokoine ni cc 10 tu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, akiwa na Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi kwa zaidi ya lita moja.

Mvua mwaka ule haikuwa na huruma. Mito ilijaa, barabara zikakatika. Katika hali hiyo nguvu nyingi hugeuka kuwa mzigo, tairi zinazunguka bure, vyuma vinavunjika. Joginder, akiwa na David Doig pembeni, alishinda. Porsche ikawa ya pili. Kijana aliyekuwa akinasua magari ya wengine kwenye matope akawa amewaacha matajiri ndani ya matope.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, akiwa na Doig yule yule na Lancer ya aina ile ile, akashinda tena. Safari hii Mitsubishi ilichukua nafasi tatu za kwanza: Joginder, Robin Ulyate na Andrew Cowan. Joginder alikuwa na miaka 44. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ndiye baadaye aliyekuja kumpita kwa kufikisha ushindi mara tano.

19 kati ya 22

Namba inayomweleza Joginder kuliko makombe yake matatu ni nyingine. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari 22, akamaliza 19. Katika mashindano ambayo kuna mwaka walifika saba tu, mtu mmoja anamaliza 19. Hiyo ni sawa na kipa anayecheza misimu 22 ligi kuu na kutoka bila kufungwa karibu kila msimu.

Alibadilisha magari: Volkswagen, Volvo, Datsun, Mitsubishi na mengine. Kilichobaki palepale ni mtu na tabia yake. Alisikiliza gari kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto usiku. Alijua lini pa kukanyaga mafuta na lini pa kuachia, kwa sababu alijua kilichomo ndani ya chuma kile, unene wake na kikomo chake. Dereva ambaye hajawahi kufungua injini anaendesha sauti. Fundi anaendesha bloku.

Joginder Singh alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari aliyoing'arisha iliendelea bila yeye, ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, kisha ikarejeshwa mwaka 2021 nchini Kenya. Siku hizi magari yanakuja na mainjinia wenye kompyuta. Lakini hata kompyuta haijafuta ile kazi ya kwanza: kufungua, kuosha, kupima, ndipo kujenga.

AFCON itakapofika, Arusha itajaa wageni kutoka Nairobi na Kampala, kupitia njia zile zile za Namanga na Moshi. Watakuja kutazama mastraika. Ni haki yao, mabao ndiyo yanayoimbwa. Lakini pembezoni mwa mji, kwenye gereji moja yenye bati la kutu, atakuwepo kijana ameinamia bloku dogo la silinda nne, kitambaa cheupe mkononi, akikipitisha ndani ya silinda kwa mara ya sita. Kikitoka na doa, atachemsha maji mengine. Simba wa Kericho naye alianzia kwenye gereji kama ile.